Waya Mbili kwa Sauti ya Kabugho

Afande Odur amefariki. Binti yake, Apio, alinipigia simu Jumanne nikiwa nachambua maharage nyumbani kwangu hapa Kasese. Alitaja jina la baba yake kwanza kabla ya lake, kwa adabu ile ya watoto waliokulia kambini, akasema amenitafuta kwa jina alilolikuta kwenye barua ya baba yake, kisha akaniambia kwamba mzee alilazwa siku tisa na hakuamka. Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikasema yote yanayosemwa, halafu nikarudia maharage yangu. Nilichambua mpaka nikajikuta natupa mazuri na kubakiza yaliyotobolewa na wadudu. Nilifanya kazi na mtu huyu kwa mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu alipohamishwa sikumwona tena. Lakini mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu niliye leo, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Nikapata kazi Bwera, katika karakana ya redio kwenye barabara ya kwenda mpakani, chumba kimoja chenye meza iliyojaa makovu ya chuma cha kulehemu. Siku nzima malori yalipita kuelekea Kongo, na kila lori lilipopita, misumari iliyokuwa kwenye kopo ilicheza. Afande alikuwa sajini wa mawasiliano katika kambi ya jeshi iliyokuwa karibu, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye kukunja mikono ya shati mara mbili barabara, si zaidi wala si pungufu. Alikuja kutafuta kipande cha risasi ya kulehemu, akaona kazi niliyokuwa naifanya, akaichukua mkononi mwangu bila kuomba. Akasema, "Hii ni takataka. Toa yote. Rudia." Nilimchukia kuanzia pale mpaka saa kumi jioni. Wiki iliyofuata nilikuwa nachungulia mlangoni kuona kama anakuja, maana hakuna aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu kazi yangu, na kumbe nilikuwa nimeukosa.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Masereka. Kila Jumapili baada ya kanisa Afande alikwenda kula kwa mzee huyo, aliyekuwa amechimba shaba Kilembe kwa miaka mingi na kustaafu na sikio moja. La kushoto liliuawa kabisa na mashine za kutobolea mwamba, na la kulia lilikuwa linafuata. Ukizungumza naye ulikaa upande wa kulia, na wageni waliojua hilo walimsengenya kushoto kwake mchana kweupe bila madhara yoyote. Nyumba yake ilikuwa na sebule inayotazama barabara na chumba cha nyuma kilichojengwa juu ya mwamba. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao, vitambaa vyeupe vilivyofumwa na marehemu mke wake, na amplifaya kubwa ya kijivu yenye spika moja. Mashine yenyewe ya santuri haikuwapo. Ilikuwa kule nyuma, juu ya meza ya cherehani ya mkewe, kwa sababu sebuleni malori yaliifanya sindano iruke. Hata kule nyuma mzee hakuuamini mwamba wake, akabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili izidi kutulia. Waya wa mita saba hivi ulitoka chumba kile, ukapita kwenye pembe ya ukuta bega kwa bega na nyaya za umeme, mpaka kwenye amplifaya.

Mke huyo aliitwa Kabugho. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na zamani, walipokuwa wakiishi katika nyumba za wachimbaji, mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa na mashine ya kuchonga santuri alimwita yeye na wanawake wengine wakaimbe. Wengine waliona haya, Kabugho akaimba peke yake, wimbo wa kulaza mtoto, kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, bila ngoma wala chochote. Mhandisi alimpa sahani hiyo kama zawadi. Haikuwa sahani ya dukani. Ilikuwa bati la alumini lililopakwa rangi nyeusi laini, na sauti ilichongwa ndani ya rangi ile. Mhandisi aliwaonya wasiicheze ovyo, kwa kuwa kila sindano inapopita inakwangua kidogo. Kabugho alipokufa, mzee alijiwekea utaratibu, nao ni kuipiga mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi, na siku aliyofariki. Nakala nyingine haikuwapo. Hakukuwa na picha yake hata moja iliyomwonyesha akicheka, aliniambia mzee, lakini katika wimbo ule kuna mahali anakaribia kucheka, kwa sababu mtoto wa mhandisi alimfanyia uso wa kuchekesha.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa akimsikia vizuri. Nilikuwapo ile siku ya kumkumbuka, mwezi wa tatu. Tulikula obundu, ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani, mzee akavaa koti, akaingia chumba cha nyuma, akateremsha sindano, akarudi haraka na kukaa akiwa ameelekeza sikio la kulia kwenye spika. Kilichotoka kwanza ni mvumo, ule mvumo mzito wa umeme ulioingia kwenye waya njiani, na chini yake, mbali kabisa, mwanamke anaimba. Alikuwa amechongwa kwa sauti ndogo mno. Ukiongeza, mvumo nao unaongezeka. Mzee alifumba macho na midomo yake ikawa inafuata maneno. Wimbo ulipokwisha alituambia, kwa upole kama anayeomba chumvi, kwamba sikio lake halitafika mwaka ujao, na angependa kumsikia mara moja bila ile kelele. "Mara moja tu, Afande. Muke wangu iko ndani kule. Mimi najua iko ndani." Afande akasema, "Tutamutoa." Nakumbuka nilivyojisikia kukua kwa neno lile "tutamutoa", kwa vile alikuwa amenijumlisha.

Njiani alinieleza, na mpaka leo nikifundisha vijana nayatumia maelezo yake. Koili ndogo iliyo nyuma ya sindano ina ncha mbili, na hakuna hata moja inayohitaji kugusa ardhi. Waya wa mzee ulikuwa wa aina ile ya kawaida, ujiti mmoja katikati na wavu wa shaba kuuzunguka, kwa hiyo ncha moja ya muziki ilisafiri ndani na nyingine ilisafiri kwenye wavu wenyewe, ule ule unaopokea uchafu wote wa umeme wa njiani. Kwa mita moja haidhuru. Kwa mita saba kando ya nyaya za umeme, ndio mvumo ule. Jeshini, alisema, simu za masafa marefu hupewa waya mbili zilizosokotana, na wavu wa nje haubebi kitu, unalinda tu. Hiyo ndiyo laini ya balansi. Uchafu unaingia, ndiyo, lakini unaziingia zote mbili sawasawa, na mwishoni unaweka transfoma ndogo isiyojali zinavyofanana, inachukua tofauti peke yake. "Askari wawili wanatembea pamoja mvua ikinyesha," akasema. "Wamelowa sawa. Mimi siulizi mvua. Nauliza, huyu amebeba nini ambayo mwenzake hana?"

Mwezi wa tano mzee alipanda mlimani Kyondo kusimamia mavuno ya kahawa yake, akaniachia ufunguo. Sikuwahi kuaminiwa hivyo na mtu asiye ndugu yangu. Afande alileta waya wa simu uliosokotwa, na transfoma tulizitoa kwenye simu kuukuu za mgodini ambazo mzee alikuwa ameziweka uvunguni. Tulijaribu tatu, mbili zikameza sauti za juu, ya tatu ikapita. Tulifunga wavu upande wa amplifaya peke yake, na mkono wa mashine tukaupa waya wake mwingine wa ardhi. Afande alikuwa na kanuni ya kikosini aliyoirudia kila jambo lilipokamilika: laini haijapimwa mpaka sauti ya mtu ipite. Kabla ya kurudi kambini aliniambia nipime kwa zile sahani za rumba za mzee, nibadilishe waya wa zamani na mpya, nisikilize, nimpe ripoti. Alitaja rumba waziwazi. Nimejaribu miaka mingi kujishawishi kwamba hakutaja.

Nilipima kwa rumba. Rumba ilikuwa na magita na matarumbeta na watu wanaoitikia, ikajaza nyumba kwa waya wa zamani, ikajaza nyumba kwa waya mpya, na mimi mwenye cheti nikashindwa kusikia tofauti yoyote. Mvumo ulikuwa umezama chini ya kelele. Nikawaza kwamba nikipeleka ripoti ya namna hii Afande ataniambia ni takataka. Nikawaza pia kwamba sauti ndogo ndiyo pekee itakayoufichua mvumo, jambo ambalo ni kweli kabisa, na hapo ndipo akili yangu iliponisaliti, maana ilikuwa inasema kweli. Nikalifungua kabati, nikaitoa sahani ya Kabugho kwenye kitambaa chake. Kwa waya wa zamani, mvumo. Kwa waya mpya, kimya, halafu pumzi ya mwanamke akivuta hewa kabla ya kuimba. Nilikaa sakafuni katika sebule ya mtu asiyekuwapo nikamsikia mkewe kama aliyekaa kiti cha pili, na pale mahali pa kukaribia kucheka palikuwapo, nilipasikia, huenda mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kupasikia.

Ningeishia hapo. Mara moja, mara mbili, angenisamehe yeyote. Lakini nilirudi kesho yake, nikasema nataka kuhakikisha wavu unafaa zaidi kufungwa upande upi, nikaupima huku na kule, na kila kipimo kilihitaji wimbo mzima, na kila wimbo nilitaka urudiwe. Nilikwenda siku tano. Sikuhesabu, lakini haikupungua mara thelathini. Na ile sarafu nilikuwa nimeiacha pale pale juu ya kichwa cha sindano, hata haikunijia akilini kwamba iliwekwa kwa ajili ya malori na kwamba inaigandamiza sindano kwenye rangi laini. Kila mwisho wa wimbo nilikuta nyuzi nyeusi nyembamba zimejikusanya kwenye ncha. Nikadhani ni vumbi. Niliinama nikazipuliza. Nimesema neno hili kwa kasisi, nimelisema kwa marehemu mume wangu, na bado nikilisema midomo inakauka: nilikuwa nampuliza Kabugho sakafuni. Sikugundua kwamba sauti inafifia kwa sababu ilififia polepole, nami nilikuwa tayari naijua kwa moyo, masikio yangu yakiijazia kila kilichopungua.

Mzee alirudi mwezi wa sita mwanzoni, amechoka na amefurahi, na mfuko wa kahawa kwa kila mmoja wetu. Alichinja kuku. Alisema siku hii ataivunjia utaratibu, hatangoja Krismasi. Akavaa koti lile lile, akaenda nyuma, akateremsha sindano, akarudi na kukaa. Spika ilikuwa kimya, kimya safi kabisa, mpaka Afande akanitazama na kuitikia kwa kichwa kidogo, heshima aliyokuwa hajanipa hata siku moja. Kisha ukaja mkwaruzo, kama mtu anayefagia uwanja mkavu. Mkwaruzo uliendelea. Mara mbili au tatu kitu kilinyanyuka ndani yake, nusu ya nota, ikaanguka. Mzee alisogeza kiti. Akageuza kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akaniuliza mimi, si Afande, "Muke wangu iko wapi?"

Nilikuwa nimefahamu wakati ule ule. Afande akainuka akaingia chumba cha nyuma. Alikaa huko kama dakika moja. Najua alichokiona, kwa kuwa nilikuja kukiona baadaye mwenyewe: sarafu, na chini ya meza ya cherehani, nyuzi nyeusi zilizosukumwa na upepo mpaka ukutani. Aliporudi alisimama wima mbele ya mzee, upande wa kulia. "Mzee, hii sahani imekwisha," alisema. "Ni mimi. Nilipima laini na hii, mara mingi. Makosa iko yangu." Nilifungua mdomo. Nataka kuamini kwamba nilifungua mdomo ili niseme. Afande hakunitazama, na mdomo nikaufunga.

Mzee Masereka hakupaza sauti. Alikaa akisikiliza mkwaruzo mpaka mkono wa mashine ulipofika mwisho. Kisha akasema, "Afande, maliza kahawa yako. Halafu uende. Usirudie hapa." Afande alimaliza kahawa, yote, kwa kuwa ameambiwa, akavaa kofia akatoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikilia, nikimwambia narudi ndani nikaseme ukweli sasa hivi. Akanishika bega, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alisema amri ya uhamisho wake imetoka, mwezi ujao yuko Gulu. "Mimi naenda. Wewe unabaki. Huyu mzee atabaki na sikio mbili zimekufa na bila bibi. Lazima mutu moja aweze kuingia kwake. Nyamaza. Hiyo ni amri." Mimi sikuwa askari. Hakuna amri iliyonifunga, ila ilinifaa, nikaitii.

Basi niliingia kwake. Kila Jumapili mwaka ule uliosalia nilikwenda, nikapika, nikakaa upande wa kulia. Mara ya kwanza nilipokwenda peke yangu aliniomba kazi moja. Alitaka niing'oe laini mpya na kurudisha waya wa zamani. Nilidhani ni hasira kwa Afande, nikamweleza kwamba laini ile haina kosa, kwamba kwa rumba zake itamfaa. Akasema hapana. "Zamani ilikuwa inavuma, na mimi nasema, Kabugho iko chini ya ile kelele, sikio yangu ndiyo mubaya. Sasa iko safi. Sasa najua hayuko." Nilirudisha waya wa zamani. Kuanzia siku ile hakungoja Krismasi wala nini, aliiweka sahani kila Jumapili, haikuwa na cha kupoteza tena, na sisi wawili tulikula tukiusikiliza mvumo. Alikuwa akiimba naye. Alijua mahali pa kuvuta pumzi. Mara nyingine alikatiza akaniambia, bila chuki, kama mtu anayezungumzia ukame, kwamba yule askari alikula sauti ya mke wake, na mimi nikajibu, "Ndiyo, Baba." Nilijibu hivyo na tonge liko mkononi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa kubwa na kifua kikamshika. Majirani walitaka ateremshwe hospitali Kasese, akakataa. Hakuwa akisikia kitu tena, nikawa naandika maneno kwenye daftari naye anajibu kwa mdomo. Alasiri moja alinishika mkono, akasema kuna ujumbe. Nikionana na Afande Odur, nimwambie kwamba amemwachilia. Amefikiri, na ameona kwamba mtu hapimi laini mara nyingi vile kama hampendi mtu atakayeisikiliza. Alisema wamekula pamoja miaka sita na hakuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yule, na asingependa Afande aishi akidhani mlango umefungwa. Nilikuwa na kalamu mkononi. Daftari lilikuwa wazi. Nilichoandika ni "Nitamwambia", nikamgeuzia asome. Alisoma akafurahi. Tulimzika kando ya Kabugho wiki hiyo hiyo, na sahani nikaiweka ndani ya jeneza bila kumwomba mtu ruhusa.

Afande aliniandikia mara mbili kutoka Gulu, kwa anwani ya karakana. Barua fupi, herufi kubwa. Katika ya pili aliuliza, "Mzee yuko namna gani?" Nilijibu kwamba mzee amefariki na kwamba hakuteseka. Nilikaa na barua ile siku tatu nikitafuta jinsi ya kuandika sentensi moja iliyobaki. Kila nilipoianza, niliona kwamba msamaha ule ulikuwa wa kosa langu, umepewa jina la mtu mwingine, na kuupeleka ni sawa na kumwambia: chukua, umesamehewa kwa nilichofanya mimi. Niliona aibu. Hakukuwa na sababu nyingine, na miaka yote hii nimejitia kutafuta sababu nyingine. Niliipeleka barua posta bila sentensi ile. Nikaolewa, nikafungua karakana yangu, nikafundisha vijana wengi waya mbili na wavu na transfoma, na kila mwaka ulipoongezeka ikawa vigumu zaidi kuanza.

Leo asubuhi nimempigia Apio. Nilisema nina jambo kuhusu baba yake na mzee mmoja wa Bwera. Akaniwahi. Alisema jina la Masereka analijua tangu utotoni, kwamba baba yake hakuwahi kueleza kulitokea nini kati yao, ila kila Jumapili alikula peke yake, mapema, kabla yao, na mwaka jana alipoanza kuugua alitaka apelekwe Bwera, wakamwambia safari ni ndefu. Alitaka akasimame kwenye kaburi la mzee huyo aombe radhi. Basi nikamweleza. Nilimweleza yote, sahani, sarafu, nyuzi nyeusi, siku tano zile, mdomo wangu uliofunguka ukafungwa. Nikamwambia kwamba baba yake hakuwa na kosa lolote, na kwamba hata lile asilolifanya alisamehewa.

Nilisikia watu nyuma yake wakipanga viti vya matanga.

"Alisamehewa lini, Mama?"

"Mwaka ule ule."

"Na wewe ulijua?"

"Nilitumwa nimwambie," nilisema. "Sikumwambia."